Gereji imejaa vitu vya mzee na kijana anaburuta jinzi barabarani, nianzie wapi?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kiamunyi hapa Nakuru, nimelifupisha kidogo tu:

"Mwalimu, habari ya siku. Tuko na gereji ya gari moja lakini Probox yetu inalala nje mwaka wa sita sasa ju ndani kumejaa. Kuna tairi saba, betri mbili zilikufa, TV ya mgongo, mbao za wakati tulijenga, makopo ya rangi, mlango mzima, vitabu vya watoto tangu kitambo, mtungi wa petroli ya jenereta, pampu ya kunyunyizia dawa, gunia nne za mahindi na baiskeli ya marehemu baba yake mzee. Nikigusa kitu mzee anakasirika, ati kila kitu kina kazi yake. Nimefikiria ningoje asafiri niite mtu wa vyuma abebe vyote. Halafu kijana wetu wa miaka 15 naye ameanza kuvaa majinzi makubwa ya mitumba yanafagia barabara, baba yake anamwambia anafanana na Confirm, lile genge la hapa Nakuru, kila jioni ni kelele. Nimechoka na hii nyumba yote. Nianzie wapi?"

Pole sana dadangu. Miaka sita gari kulala nje na vumbi la huku si mchezo, Wamasai waliosema Nakuru ni mahali pa vumbi hawakukosea. Nilifunza sayansi kimu muda mrefu na sasa ni miaka 14 naingia kwa nyumba za watu kuwasaidia kupanga, hapa Nakuru sana sana lakini hata Kisumu na Kakamega wameniita, na nakuambia hiyo orodha yako ningeiandika bila kufika kwako. Karibu kila boma lenye mzee aliyejijengea nyumba mwenyewe liko na hiyo gereji.

Sasa, umeuliza uanzie wapi. Anzia kwa mahindi, na uanze leo.

Najua hukuniandikia juu ya mahindi. Umeyataja katikati ya orodha kama kitu kimojawapo cha kujaza nafasi, lakini nikisoma gunia nne, pampu ya dawa na mtungi wa petroli ndani ya chumba kimoja roho yangu iliruka. Hizo gunia nina uhakika ziko chini kwa simiti. Simiti inavuta unyevu kutoka ardhini inaupeleka kwa gunia pole pole, na mvua ya Machi mpaka Mei ikishuka ndio mbaya kabisa, mahindi yanashika kuvu na kuna kuvu fulani inaacha sumu inaitwa aflatoksini. Hii sumu haiishi na moto. Unaweza songa ugali mpaka ukoko ukauke na bado imo. Mwaka wa 2004 kule Makueni, Kitui na majirani zao watu 125 walikufa, na wengi walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Kwa hivyo fungua gunia moja moja, ingiza mkono mpaka chini kabisa, sikiza kama kuna joto, nusa. Mahindi ya kuweka yanatakiwa yakauke mpaka unyevu ufike asilimia 13.5 ama chini, na kama huna mashine ya kupima, chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu, funika, tikisa dakika mbili tatu halafu uiache itulie kama robo saa. Chumvi ikishika kwa chupa, mahindi bado yana maji, yatoe yaanikwe tena juu ya turubai. Ikianguka chini yote, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi, umekaribia lakini bado yaanike kidogo tena kabla uyaweke. Na zile punje zimebadilika rangi ama ziko na unga unga wa kijani, usizirushie kuku wala usimpe ng'ombe, hiyo sumu inapita mpaka kwa maziwa na watoto ndio wanakunywa.

Yakishakauka yainue kutoka chini. Na hapa ndio nataka unisikize vizuri ju ndio mlango wa kuingilia kwa hii shida yako yote. Mwambie mzee, "Baba watoto, mahindi yataharibika hapo chini, hizo mbao zako zinaweza kututengenezea kichanja cha gunia?" Usiseme kitu kingine. Usiongeze na zile tairi je, usiongeze na gari. Acha achague mbao, apime, agonge misumari. Atakuwa amesikia kwa mara ya kwanza kwa miaka sita mtu kwa hiyo nyumba akisema mbao zake zina maana.

Pampu ya dawa na chupa zake zitoke hapo siku hiyo hiyo, zipate kabati ya kufungwa na kufuli mbali na chakula, na dawa isiwahi kuhamishiwa kwa chupa ya soda hata kama ni kidogo imebaki. Petroli nayo, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hautoki kwa dirisha la juu vile watu hufikiria, unatambaa chini chini kwa simiti mpaka ukutane na moto, na moto unaweza kuwa jiko la makaa uliloliacha kwa mlango wa jikoni ama cheche ya swichi tu. Iwekwe kwa kibanda cha nje penye kivuli na hewa, kwa mtungi uliotengenezewa mafuta, na isiwe nyingi kuliko ile jenereta inahitaji.

Tairi usizisukume nje! Wanawake wengi wakishinda hii vita ndio kitu cha kwanza wanafanya, tairi zinapangwa nyuma ya nyumba, mvua inanyesha, maji yanakaa ndani na mbu wamepata mahali pa kulelea watoto. Wale mbu wa mchana wanaobeba dengi na chikungunya wanapenda sana maji ya tairi, kutoka yai mpaka mbu anaruka inaweza kuchukua wiki moja hivi kama kuna joto, na mayai yao yakikauka yanaweza kukaa miezi yakingoja mvua. Sisi wa Nakuru tuko juu kidogo, baridi inatusaidia, lakini nikienda Kisumu naona tairi zimezunguka nyumba na mama analia homa haiishi kwa watoto, nasikia vibaya sana. Tairi ziko salama zaidi ndani hapo zilipo, kavu, mpaka siku zitaondoka kabisa.

Betri pia usimpe yule kijana anapita na mkokoteni akipiga kengele. Ndani kuna madini ya risasi na asidi, na hiyo risasi ikiingia kwa mwili wa mtoto mdogo inaharibu akili yake pole pole bila hata wewe kuona dalili. Pale Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu na mwaka wa 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa yale yaliwapata. Duka kubwa la betri mjini mara nyingi linapokea ya zamani ukinunua mpya na kukupunguzia bei, na kama si hivyo tafuta mnunuzi wa vyuma mwenye leseni, sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inamtaka awe nayo. Ukizibeba zisimame wima, na mtu asizifungue.

Hayo ya hatari yameisha, na kwa hayo hakuna kubembelezana, mzee mwenyewe ukimweleza hivyo atakubali. Tuingie kwa mzee sasa.

Dadangu, usiite mtu wa vyuma akisafiri. Nakuomba. Mimi nilifanya hiyo kitu. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu mume wangu alikuwa na redio ya zamani ya kasha la mbao, haikuwa inasema chochote, ilikuwa inakalia kabati yote na kila nikipangusa vumbi naisonya. Akaenda Kericho wiki moja kwa kazi, mtu wa vyuma akapita, nikauza kwa shilingi 200 na nikajisikia mjanja sana. Aliporudi hakupiga kelele. Alisimama tu akaangalia pale mahali ilikuwa, akaniuliza nani aliichukua, akatoka akaenda kutafuta mpaka usiku na hakuipata. Ndio baadaye, miezi baadaye, akaniambia mama yake alikuwa anainunulia betri kwa pesa ya kuuza mboga ili asikize habari akisoma. Mimi sikujua. Lakini sikujua ju sikuwa nimeuliza, na hiyo ndio inaniuma mpaka leo. Ilichukua muda mrefu sana kabla aache kufunga vitu vyake kwa sanduku na kufuli.

Kuna mambo mawili yamenisaidia kuelewa watu kama mzee wako. Moja ni utafiti wa Marekani, watafiti wa chuo kikuu kimoja Los Angeles waliingia kwa nyumba za familia 32 wakahesabu na kupiga picha kila kitu, na wakapata robo tatu ya gereji hazingeweza kuingiza gari ju ya vitu. Watu wenye pesa kutuliko, nyumba kubwa, na shida ni ile ile! Watafiti wengine wa huko huko mwaka wa 2010 wakapima homoni ya msongo wa mawazo kwa mabibi na mabwana, wakaona wale mama walioelezea nyumba yao kuwa imejaa na ina kazi haijaisha, hiyo homoni haikuwa inashuka jioni vile inatakiwa. Kwa waume hiyo haikuonekana. Kwa hivyo ukisema umechoka mwili wako unasema ukweli, na mzee naye akisema haoni shida hakudanganyi. Mnaingia kwa gereji moja na kila mtu anaona kitu tofauti.

La pili, mwaka wa 1990 Daniel Kahneman na wenzake waliandika juu ya jaribio la vikombe vya kahawa. Wanafunzi nusu walipewa kikombe kila mmoja, nusu hawakupewa, halafu wakaambiwa wauziane. Waliopewa walitaka kama mara mbili ya bei ile wale wengine walikuwa tayari kutoa. Kikombe ni kile kile na alikuwa amekaa nacho dakika chache tu. Sasa fikiria mbao ambazo mtu alizinunua moja moja miaka yote mlikuwa mnajenga, akikosa chakula cha mchana mjini ili fundi asisimame. Wewe unaona mbao zimekaa, yeye anaona zile miaka. Ukimwambia ni takataka anasikia umeziita hizo miaka takataka.

Ndio maana kubishana kitu kimoja kimoja hautashinda. Hii unaitumia lini, hii ni ya nini, hii si imeharibika. Kila swali ana jibu, na jibu lake mara nyingi ni la kweli, kweli tairi moja inaweza kufanya swing ya watoto na kweli mlango unaweza kuwekwa kwa choo cha nje. Vitu ni vyake na juu ya vitu atakushinda siku zote. Lakini ile nafasi ni yenu wote. Hapo ndio uongee. Usiongee juu ya vitu, ongea juu ya nafasi ya gari.

Mimi huwa nafanya hivi. Nachukua chaki. Probox ina urefu wa mita 4.2 hivi na upana wa mita 1.7, ongeza sentimita 70 kila upande mfungue milango na mtoke bila kujikunja, ongeza nusu mita mbele na nyuma. Chora hiyo mstatili kwa simiti, mzee mwenyewe ashike mwisho mmoja wa futi kamba. Halafu mnakubaliana maneno haya tu, ndani ya mstari ni ya gari, nje ya mstari ni yake mzee na hakuna mtu atamuuliza kitu. Hata mbao zikipangwa mpaka dari, hata kama ni mlango, kama haujavuka mstari wewe umenyamaza. Na uwe unamaanisha, ju ukikubali leo halafu kesho uanze na hizo makopo je, umeharibu kila kitu na hatakuamini tena.

Nimefanya hii kwa nyumba nyingi na kitu kinachotokea karibu kila mara ni kwamba mwenyewe ndio anaanza kutoa. Ukuta una mwisho. Akiona nafasi yake ni hiyo, anaanza kuangalia TV ya mgongo na mbao na kuuliza mwenyewe gani inastahili kukaa. Hiyo TV tangu mitambo ya analogi izimwe 2015 imekuwa inangoja nini? Lakini wewe usiulize. Acha aulize yeye. Akiamua kuitoa isivunjwe, kile kioo kina risasi na ndani kunaweza kuwa na umeme umebaki, iende nzima kwa wale wanachukua vitu vya umeme.

Chagueni Jumamosi asubuhi, si Jumapili mkiwa mmechoka na kanisa, na si siku mmekosana. Uwe na chai na viazi tayari. Mzee ndiye anashika kitu na kuamua, wewe na kijana mnabeba tu. Anza na rafu ya ukutani kabla ya kutoa chochote, misumari mirefu na mbao zake zile zile, vitu vikipanda juu nusu ya vita imeisha. Vitu ambavyo hajui aamue nini viweke kwa boksi moja, andika tarehe juu, na msiongee juu yake mpaka miezi sita iishe.

Makopo ya rangi tikisa, iliyokauka itupwe, iliyo hai na inajulikana ni ya ukuta gani iandikwe jina la chumba kwa kifuniko. Na kama kuna rangi ya zamani sana ya mafuta, kuna uwezekano iko na risasi, usiwaache watoto wakwaruze. Utapata pia lundo la mifuko ya plastiki tangu kabla ipigwe marufuku Agosti 2017, ipo kwa kila nyumba naingia, watu walificha.

Vitabu, hapo wewe mwenyewe ndio utapata shida nafikiri, wamama ndio huweka vitabu. Ule mtihani wa darasa la nane, KCPE, wa mwisho ulifanywa 2023. Vile vitabu vya marudio vya darasa la saba na la nane hakuna mtoto atafanya mtihani navyo tena. Najua ulivinunua kwa jasho, najua jina la mtoto wako wa kwanza liko kwa ukurasa wa kwanza na mwandiko wa darasa la tatu. Kata huo ukurasa uweke kwa faili. Kamusi, hadithi na atlasi peleka kwa maktaba ya kanisa ama shule ya karibu, hizo bado zina kazi. Na ujue vile utajisikia ukishika hicho kitabu ndio mzee anajisikia akishika mbao.

Kwa kijana nitatumia chaki ile ile.

Kwanza, niseme hofu ya baba yake naielewa. Sisi tuliokuwa hapa 2022 wanawake walipouawa mtaa wa Mawanga hatujasahau, mji wote tulikuwa tunafunga milango saa kumi na mbili na kila kijana akipita na kofia ya hudi moyo ulikuwa unadunda. Mzazi akisema hilo jina ni ju anaogopa kuzika ama kumtembelea jela. Lakini kumwita mtoto wako jina la genge mbele ya ndugu zake ni kitu kibaya, na nakuomba umwambie mzee hivyo mkiwa wawili, jikoni, usiku. Mtoto akiitwa mwizi nyumbani anajua nyumbani hakuna mtu anamjua. Na jinzi haionyeshi genge. Kuna vitu vya kuangalia, na hivyo uviangalie kwa makini: pesa ama simu usiyojua imetoka wapi, marafiki ambao hataki uwaone, kurudi usiku bila maelezo, kuacha masomo ghafla, kulala mchana na kuwa macho usiku. Kama hakuna hata moja ya hizo, uko na mtoto wa miaka 15 amevaa suruali kubwa.

Na hizo suruali kumbuka vizuri. Wewe ukisema mko na kijana wa 15 nakadiria uko miaka arobaini na kitu, basi mwaka wa 2001 ulikuwa msichana, na vijana waliokuwa wanakuita pembeni walikuwa wamevaa nini? Hizo hizo, na tisheti mpaka magotini. Fashoni imezunguka imerudi. Kabla yetu kulikuwa na belbotomu na viatu vya kisigino kirefu, na serikali nzima zilijaribu kuzuia. Tanzania, vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, walitangaza Operesheni Vijana, ikaanza Januari 1969, sketi fupi, wigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku. Malawi chini ya Rais Banda miaka ya sabini ikawa ni sheria kabisa, wanawake walikatazwa hata suruali mpaka sheria ikafutwa miaka ya tisini. Vijana waliendelea kuvaa. Mzee mmoja kwa sebule Kiamunyi hataweza kitu ambacho polisi wa nchi nzima walishindwa nacho.

Mwanasaikolojia anaitwa David Elkind mwaka wa 1967 alieleza kitu nakiona kwa kila kijana, kwamba mtoto wa umri huo anaishi kama yuko jukwaani, anahisi watu wote wanamwangalia saa zote, stejini, kanisani, hata akienda tu kununua maziwa dukani. Wewe unaona amevaa vibaya, yeye anaona ndio amejificha asichekwe. Ukimwaibisha ju ya nguo mbele ya watu umemfanyia kile anaogopa kuliko kitu chote.

Sasa mstari. Mwili wake na nguo zake za nyumbani na za kutembea na wenzake, hapo ni kwake, nyamaza. Lakini kuna mahali ni pa familia yote. Shule ina sare, hakuna mjadala. Matanga na kwa shosho, anavaa suruali inayokaa kiunoni ju hapo anabeba jina la nyumba, na umweleze hivyo, vijana wanaelewa heshima zaidi ya vile tunafikiria. Mkae na yeye mkubaliane hizo mahali ni zipi, yeye pia aseme, muandike. Zikiwa tatu ama nne atazifuata. Zikiwa ishirini hatafuata hata moja.

Kuna jambo moja la usalama sitaki liwe la mjadala, bodaboda. Nguo inayoning'inia inaweza kushikwa na cheni ama spoku za gurudumu, nimeona leso ikimtoa mama kwa pikipiki pale Free Area na sitaki kuona tena. Akipanda, anakunja mpaka juu ya kifundo ama anafunga na lastiki. Mwambie hivyo tu, bila kuongeza neno juu ya muonekano, na utaona atakubali.

Kingine, mpe pesa yake ya nguo kwa mkono. Kiasi mnachoweza kwa muhula, hiyo hiyo, ikiisha imeisha. Aende mwenyewe sokoni akachague, abishane bei, agundue jinzi ya 350 zipu yake inakufa wiki mbili. Akileta mitumba iloweke na sabuni na maji moto kabla avae, na ikauke juani kabisa, mapunye na upele vinaweza kuja na nguo. Na anafua mwenyewe. Jinzi kubwa hivyo kwa karai, Julai ya Nakuru, siku tatu bado inadondoka maji kwa kamba, hapo atajifunza mambo ambayo kelele za jioni hazijamfunza.

Mzee akiuliza ni nani amekubali hizi mambo, mwambie ni ile ile ya gereji. Yeye ako na upande wake wa mstari ambao hakuna mtu anamuuliza, na kijana pia amepewa wake. Wanaume wengi nikiwaeleza hivyo wananyamaza kidogo halafu wanaitikia.

Imebaki baiskeli. Hiyo usiihesabu kwa vitu. Usiiweke kwa boksi la miezi sita, usiipangie rafu, usiulize itaenda wapi. Siku hiyo ya Jumamosi iwe kitu cha kwanza kutolewa nje, kabla ya tairi na kabla ya mbao, na kijana apewe kitambaa na mafuta ya cheni aisafishe na baba yake, wawili tu, wewe uwe na kazi kwingine. Usiwapelekee chai haraka. Mwache mzee aseme ilinunuliwa lini na ilibeba nini, ju kijana sidhani amewahi kuambiwa. Ikimaliza kusafishwa iwekewe ndoano mbili kubwa za chuma kwa ukuta wa nyuma, juu ya mahali boneti itafika, halafu Probox iingizwe taratibu huku kijana akiongoza kwa mkono. Kama taa za mbele zitagusa ukuta kabla mlango wa gereji ufunge, niandikie tena na vipimo, tutasogeza kichanja cha mahindi.